UZI: Kartemquin, studio ya dokumentari ya Chicago iliyoanza 1966 na haijafa hadi leo

MzeeWaFilamu:
Wakuu, habari za jioni. Juzi humu watu walibishana sana kama mtu anaweza kuishi kwa dokumentari tu, bila kushuti harusi, bila matangazo ya sabuni. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu. Leo nimepata nafasi. Nitawaletea habari za studio moja ya Chicago, Marekani, inaitwa Kartemquin. Ukisikia jina unadhani ni dawa ya malaria, lakini ni majina ya vijana watatu yameunganishwa: Stan Karter, Jerry Temaner na Gordon Quinn. Wote walisoma University of Chicago. Na walilichagua wakijua masikioni linafanana na Potemkin, ile meli ya kwenye filamu ya Kirusi. Vijana wa sinema wa miaka ya sitini walipenda mambo hayo.

Walianza 1966. Filamu ya kwanza, *Home for Life*, waliagizwa na nyumba ya kutunzia wazee, yaani kazi ya mteja kabisa, ile tunayoidharau. Walichofanya ni kuwafuata wazee wawili katika mwezi wao wa kwanza pale. Mmoja ni mama aliyekuwa akiishi kwa mwanawe na mkamwana, anajitahidi awe na msaada pale nyumbani, lakini msaada wenyewe hautakiwi tena. Wa pili ni mzee mjane, hana ndugu, ameshtukia siku moja kwamba hawezi tena kujihudumia. Basi. Hakuna sauti ya mtangazaji inayokuambia uhuzunike. Kamera inakaa, watu wanaongea, wewe mwenyewe unaona.

Kitu hicho kisingewezekana miaka kumi nyuma. Kamera za milimita 16 zilikuwa zimepungua uzito kiasi cha kubebwa begani, na kinasa sauti kinakwenda sambamba na picha bila gari zima la mitambo. Ndiyo maana wakati ule dokumentari za namna hiyo ziliibuka Marekani, Kanada na Ufaransa karibu kwa mkupuo mmoja.

Naendelea, msikae mbali.

Binti_Mbagala:
Siti ya mbele. Mkuu usituache kama ule uzi wako wa Mosfilm, mpaka leo tunasubiri sehemu ya tatu.

MzeeWaFilamu:
Binti, ule utaisha, nakuahidi kwa mara nyingine 😅

Twende 1968. Hapa kuna filamu ambayo mimi naipenda kuliko zote zao, hata zile zenye tuzo. Inaitwa *Inquiring Nuns*. Wamechukua masista wawili wa Kikatoliki, vijana, wamevaa mavazi yao kamili, wamewapa kipaza sauti na kuwapeleka mitaani Chicago: nje ya kanisa, dukani, kwenye jumba la sanaa. Swali ni moja tu kwa kila mtu: Je, una furaha?

Wazo hawakulitoa hewani, walikuwa wameona kazi ya Wafaransa Jean Rouch na Edgar Morin waliouliza swali la namna hiyo Paris miaka michache nyuma. Lakini masista wameleta kitu kingine. Mtu akiulizwa na mwandishi wa habari anajipanga. Akiulizwa na sista anaanza kama anatania, halafu katikati ya sentensi uso unabadilika. Wengi wanaishia kwenye vita ya Vietnam bila mtu kuwauliza habari za Vietnam. Na wale masista wanasikiliza vizuri sana, hawamkatishi mtu. Muziki ni wa Philip Glass, enzi hizo hajulikani; ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya filamu.

Tatizo ni kwamba filamu ya masista haikulipa kodi ya mtu. Karter aliondoka mapema, Temaner naye baadaye. Akabaki Quinn pamoja na Jerry Blumenthal, aliyeingia mwishoni mwa miaka ya sitini na kukaa mpaka alipofariki 2014. Hao wawili ndio waliobeba nyumba.

Fundi Sauti:
Hapo kwenye kodi ndipo nilipokuwa nasubiri. Walikula nini? Maana hadithi za Marekani huwa zinaruka hapo. "Walianza na ndoto", halafu ghafla wana jengo.

MzeeWaFilamu:
Swali zuri, Fundi. Walikula kazi za watu. Filamu za mafunzo, za taasisi, za mashirika. Vifaa walimiliki wenyewe, kwa hiyo mchana kamera inatafuta ugali, jioni kamera ileile inafanya kazi yao. Kwa miongo walikuwa kwenye nyumba moja tu huko upande wa kaskazini wa Chicago, mtaa wa Wellington, nyumba ya kawaida ya mtaani, watu wanahariria vyumbani.

Miaka ya sabini wakageuka kuwa kundi la ushirika, watu kama kumi na kitu, wanawake kwa wanaume, maamuzi kwa pamoja. Wengi walikuwa na ajira zao pembeni. Hawakuwa wanatafuta majumba ya sinema. Filamu ilikuwa chombo cha kuonyesha kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, darasani, kwenye mkutano wa akina mama, halafu taa zinawashwa watu wanajadili.

Kubwa ya kipindi kile ni *The Chicago Maternity Center Story* ya 1976. Hiki kituo kilianzishwa 1895 na daktari Joseph DeLee, kazi yake kuwazalisha wanawake majumbani, hasa maskini. Daktari na muuguzi wanakuja kwako na mikoba yao. Miaka karibu themanini. Halafu katikati ya miaka ya sabini kikafungwa, huduma zikahamishiwa hospitali kubwa ya kisasa. Filamu inakwenda njia mbili kwa pamoja: mama mmoja anajifungua nyumbani kwake mbele ya kamera, na wanawake wanapigania kituo kisifungwe. Wanashindwa. Katikati wanakuchambulia biashara ya afya ilivyokuwa imejipanga, nani anakaa kwenye bodi gani, hela inatoka wapi inakwenda wapi. Kwa ladha ya leo sehemu hiyo ni nzito kidogo, inanuka semina. Lakini ile ya kujifungua, hapana, hiyo huwezi kuisahau.

Baada ya hapo wakaja na filamu za viwanda: kiwanda cha minyororo kule Hammond, Indiana, na *The Last Pullman Car* (1983) kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha mabehewa kilichofungwa Chicago. Nazo wafanyakazi wanashindwa. Ukitaka filamu ya watu wanaoshinda, Kartemquin ya wakati ule usiisogelee.

Kibatari:
Mkuu sijakataa, ila hii ni propaganda ya kushoto tu imevaa shati safi. Watengenezaji wana msimamo, wanachagua wa kumwonyesha. Hakuna cha "kamera inakaa wewe unaona".

MzeeWaFilamu:
Msimamo wanao na hawajawahi kuuficha. Quinn kila akihojiwa anamtaja John Dewey, mwanafalsafa wa elimu: demokrasia inataka watu wajue wenzao wanaishije ndipo waamue mambo pamoja. Lakini Kibatari, zitazame zile za chama cha wafanyakazi. Viongozi wa chama wanaonekana wakibabaika, wanagombana, wanaharibu mazungumzo. Propaganda ingefuta hizo.

Tuje sasa kwenye filamu ambayo hata asiyependa dokumentari ameisikia.

1986 hivi, kijana anaitwa Steve James, mpenzi wa mpira wa kikapu, ametoka kusoma filamu chuo cha Southern Illinois, anakuja na mwenzake Frederick Marx. Wazo lao: dakika 30 kuhusu vijana weusi wanaocheza kikapu viwanja vya mtaani Chicago. Peter Gilbert akajiunga kama mpiga picha. Ruzuku ya kwanza ilikuwa dola elfu mbili na ushei. Kwa hela hiyo hata filamu ya milimita 16 hununui ya kutosha, wakaenda kwa video ya Betacam.

Wakawapata watoto wawili wa miaka kumi na minne, William Gates na Arthur Agee. Wote wamechukuliwa na shule binafsi ya Kikatoliki, St. Joseph, huko Westchester nje ya mji, shule aliyosoma Isiah Thomas, nyota wa kikapu wa NBA. Kwenda na kurudi ni saa tatu hivi kwa siku. Katikati ya mwaka wa pili Arthur anarudishwa nyumbani kwa sababu ada imewashinda wazazi, na shule inashikilia rekodi zake za masomo mpaka deni lilipwe. Hapo ndipo dakika 30 zilipokufa. Maana ungefanyaje, umwache mtoto kwa sababu hana tena ile hadithi uliyoijia?

Hawakumwacha. Walishuti karibu miaka mitano, saa 250 za picha. Filamu ikatoka na dakika 170. *Hoop Dreams*, 1994, ikapata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Sundance.

Binti_Mbagala:
Hii nimeiona! Yule mama yake Arthur… kipande anachohitimu kozi ya uuguzi msaidizi, anaambiwa ameongoza darasa. Nililia kama mjinga. Ukumbi wenyewe mtupu, watu wachache tu.

MzeeWaFilamu:
Sheila Agee. Na ni mama huyohuyo ambaye kabla ya hapo ulimwona nyumbani kwake giza, umeme umekatwa, wanaishi kwa taa ya kuazima. Sasa hapa kuna jambo la kuzungumza, hasa kwa wapiga kamera wenzangu. Sheria ya wakubwa wa fani ilikuwa usiguse kinachotokea mbele ya lenzi. Wale jamaa walishuti lile giza, halafu wakachanga hela umeme urudi. Na filamu ilipoanza kuingiza fedha, familia zote mbili zikapewa mgao. Kuna waliowalaumu wakati ule. Mimi naona asiyechangia angekuwa na kesi kubwa zaidi ya kujibu.

MhaririMkuu255:
Nauliza kama mhariri: saa 250 kuzipunguza hadi dakika 170, nani alikaa akazihariri? Mimi saa 12 za harusi naanza kuumwa kichwa.

MzeeWaFilamu:
James, Marx na Bill Haugse. Na hapa ndipo kuna kichekesho. Kila mtu alijua filamu itachukua Oscar ya dokumentari. Roger Ebert, mchambuzi mkubwa wa filamu pale Chicago, aliiita filamu bora ya mwaka mzima, si ya dokumentari tu. Majina yakatoka, haimo hata kwenye orodha ya wanaowania! Ikaingia kwenye uhariri peke yake, na haikushinda. Ebert akafuatilia, akaandika kwamba wajumbe wa kamati walikuwa na vitochi: aliyechoka anamulika kwenye skrini, mwanga ukiwa wa wengi filamu inazimwa. *Hoop Dreams* ilizimwa baada ya dakika kama kumi na tano. Kelele zilizofuata ndizo zilizochangia taratibu za kuchagua dokumentari kubadilishwa.

Miaka mingi baadaye Steve James akatengeneza *Life Itself* (2014) kuhusu maisha ya Ebert huyohuyo, wakati taya limeondolewa kwa saratani, anaongea kwa kompyuta. Akafariki 2013 kabla haijakamilika.

Jambo jingine la *Hoop Dreams* ambalo watu hawalijui. Arthur anatimiza miaka 18, nyumbani wanamwimbia *Happy Birthday*. Sekunde chache tu. Wimbo ule ulikuwa na kampuni inayodai hakimiliki, studio ikalipa maelfu ya dola ili familia iimbe sebuleni kwake. Quinn lilimkaa rohoni. Alikuwa mmoja wa watengenezaji waliosimama mbele 2005 pale dokumentari za Marekani zilipoandikiwa mwongozo wa matumizi halali ya kazi za wengine: wakati gani unaweza kuweka kipande cha televisheni au wimbo uliosikika kwa bahati bila kuomba ruhusa. Kabla ya hapo ilibidi hata redio ya jikoni izimwe kabla hujashuti. Na ule wimbo? Mahakama ya Marekani iliamua 2015 kwamba madai ya kampuni hayakuwa na msingi. Hela za miaka ile waliishazila.

Fundi Sauti:
Sasa umenigusa. Sisi juzi mteja ametukatalia kazi nzima kwa sababu kwenye daladala ulikuwa unapigwa wimbo wa msanii fulani. Tulirudia kila kitu, nauli juu yetu.

ole_nanyuki:
Habari kutoka Kenya. Nimeusoma uzi wote na nashangaa hamjafika kwetu. Hawa Kartemquin ndio waliotoa *Milking the Rhino*, sivyo? Ile ya Il Ngwesi.

MzeeWaFilamu:
Ole, nilikuwa naelekea huko, umeniwahi. Ndiyo, 2008, mwongozaji ni David E. Simpson. Ilishutiwa Kenya kwa Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, na Namibia kwa Wahimba wa Marienfluss. Hoja: wenyeji walifukuzwa kwenye ardhi ili wanyama wakae, sasa wanaambiwa wanyama ni wao, wawatunze, watalii watakuja na hela. Je, zinakuja? Wewe uko karibu, tuambie ilipokelewaje.

ole_nanyuki:
Mimi niliionyeshwa chuoni, kwa hiyo siwezi kusemea wazee wote. Nilichopenda ni kwamba hawakumfanya Mmaasai malaika wala mjinga. Loji ya Il Ngwesi ni ya jamii kweli, ilifunguliwa 1996, na 2002 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Filamu nyingi zingeishia kwenye hiyo tuzo na muziki wa kwaya. Hii inaingia kwenye ukame. Nyasi ziko upande uliotengwa kwa wanyama na wageni, ng'ombe wako upande huu mbavu nje. Unafanya nini? Ukiwaingiza ng'ombe, mtalii hatalipa kuona ng'ombe. Ukiwazuia, unakula loji? Ubishi wa wazee pale ni ubishi nilioukuta nyumbani kabisa. Lakini nina neno moja: bado ni mzungu ameshika kamera. Lini tutashuti sisi?

Kibatari:
Hapo sasa ole kaongea. Naunga mkono.

MzeeWaFilamu:
Halikwepeki hilo. Wao wenyewe walilipata kwa moto: studio ya wazungu inayojulikana duniani kwa hadithi za watu weusi wa Chicago. 2013 wakaanzisha mafunzo, Diverse Voices in Docs, pamoja na kituo cha jamii cha filamu cha hapo Chicago, kwa watengenezaji wasio wazungu. Nyumba ilianza kubadilika, taratibu mno kwa maoni yangu. Bing Liu, mtoto wa mhamiaji kutoka China, akashuti marafiki zake wa kuteleza kwa ubao kule Rockford kwa miaka na miaka, ikawa *Minding the Gap* (2018), ikawania Oscar. Hiyo ameshuti mwenyewe maisha yake, mama yake amekaa mbele ya kamera anaulizwa na mwanawe kuhusu kipigo cha baba wa kambo. Mgeni asingeweza kuuliza vile.

Kwa Waafrika kuna pia *The New Americans* (2004), saa saba za televisheni kufuata wahamiaji tangu wakiwa kwao. Wamo Waogoni wa Nigeria, akiwemo dada yake Ken Saro-Wiwa, yule mwandishi na mwanaharakati, wakimbizi wanaofika Chicago. Unamwona mtu aliyekuwa na heshima zake kwao anavyoanza upya chini kabisa. Mwenye ndugu ughaibuni aitazame kisha apunguze kupiga simu za "nitumie chochote" 😄

*The Interrupters* (2011) ya watu wanaozuia visasi mitaani, *Abacus* (2016) ya benki ndogo ya Wachina New York, ndiyo benki pekee iliyoshtakiwa baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wakati mabenki makubwa yalipeta. Hizo zote tafuteni wenyewe.

MhaririMkuu255:
Mkuu rudi kwenye swali la mwanzo. Mtu anaishi kwa dokumentari tu au haishi?

MzeeWaFilamu:
Studio imeishi, watu wake wengi walikuwa na kazi pembeni. Steve James na wenzake miaka ya *Hoop Dreams* sehemu kubwa walifanya bila mshahara, huku wanafanya vibarua vya matangazo. Hela ya maana iliingia katikati ya safari: MacArthur Foundation na kituo cha televisheni ya umma cha Minnesota. Hivyo vitu viwili, mfuko unaotoa hela bila kudai nembo yake ionekane kila dakika, na televisheni ya umma inayonunua, sisi hatuna kwa kiwango kile. Tusidanganyane. Huku kwetu dokumentari maana yake dakika nane za mradi, mama anashukuru, mwisho nembo sita.

Fundi Sauti:
Na mama lazima acheke. Kuna shirika lilituambia turudi kijijini kwa sababu mama "hakuonekana kunufaika".

Binti_Mbagala:
😂😂 Sasa sisi wa kamera za simu tufanyeje?

MzeeWaFilamu:
Binti, nitakupa kitu kimoja cha kuiga ambacho hakihitaji mfadhili. Oktoba 22, 1963, kabla hata studio haijazaliwa, wanafunzi robo milioni Chicago waligoma kwenda shule kupinga ubaguzi. Shule za weusi zilijaa, badala ya kuwahamishia watoto kwenye shule za wazungu zenye nafasi, mkuu wa elimu Benjamin Willis aliwawekea madarasa ya mabanda ya magurudumu uwanjani. Quinn alikuwepo kijana na kamera, akashuti maandamano. Zile picha akazitunza zaidi ya miaka arobaini. Halafu akaanza kuwatafuta waliomo: wewe wa kwenye picha hii ni nani, uko wapi? Watu wakajitambua, sasa wana mvi. Ikatoka *'63 Boycott*, nusu saa tu.

Kwa hiyo ile futeji ya bomoabomoa uliyoniambia unayo, usiifute ili simu ipate nafasi. Nakili sehemu mbili, andika tarehe, mtaa, na majina ya waliomo wakikubali.

Binti_Mbagala:
Iko kwenye memori kadi ya mdogo wangu, anawekea miziki. Ngoja nimpigie.

ole_nanyuki:
Mpigie sasa hivi dada, miziki ataipata tena. MzeeWaFilamu, na ile *Inquiring Nuns* inapatikana wapi?

MzeeWaFilamu:
Anza na tovuti yao wenyewe, kazi zao nyingi za zamani wamezirudisha kidijitali. Chukua hiyo kwanza, ni kama saa moja. *Hoop Dreams* ipangie Jumamosi, ni karibu saa tatu, na usianze kuitazama usiku.